Mwembe umenyolewa upande mmoja, haya tuongee kuhusu waya

Kwenye grupu la mtaa wetu huku Kinyerezi kuna picha imezunguka wiki nzima, mwembe wa mtu umekatwa upande mmoja kama kanyolewa na kinyozi mlevi, matawi yamelala juu ya banda la kuku, na chini yake maneno ni yale yale, hawa jamaa wa umeme hawana huruma, wanakata utadhani wana kisasi na miti. Nimesoma komenti zote. Aliyeuliza waya ulikuwa umbali gani na mti ni mmoja tu, na akaitwa kibaraka wa shirika la umeme. Basi leo tuwe vibaraka wawili.

Wengi wetu hatujui kwamba ule waya wa juu wa kilovolti 11 au 33 unaopita barabarani uko uchi. Hauna gamba lolote, sio kama ule mweusi unaoingia kwenye mita yako. Kinachoutenga na vitu vingine ni vile vikombe vya kwenye nguzo na hewa, basi. Kwahiyo fundi akikata tawi ambalo wewe unaliona liko mbali, yeye analipigia hesabu likiwa limelowa masika, au limeinama na maembe ya Disemba huku upepo unavuma, na umeme wa hivyo wala hausubiri uguswe, tawi bichi likisogea vya kutosha unaruka wenyewe. Na mti mbichi ndani ni maji matupu, unapitisha. Sasa muweke mtoto juu ya huo mwembe na upembo wake anaangua embe la mwisho kule kileleni. Hapo ndo huwa nashindwa kuelewa tunaulilia mti gani.

Ila acha huo waya mkubwa, angalau unaogopwa. Mi naongelea zile nyaya za chini za mtaani tunazozizoea mpaka tunaziona kama kamba ya kuanikia nguo. Ziko nne, tatu za fezi, yani zinazoleta umeme, na moja nyutro, ya kuurudisha. Nyumba ya kawaida inachukua fezi moja na nyutro, unapata volti 230, lakini kati ya fezi na fezi kuna 400. Sasa upepo unakuja, tawi linavunjika, linakata ile nyutro tu na fezi zinabaki nzima. Umeme haukatiki! Unatafuta njia nyingine, unatoka fezi yako unapita kwenye vitu vyako unatokea kwa jirani aliyeko kwenye fezi nyingine, yani nyumba zenu mbili zimefungwa kwenye mstari mmoja mnagawana zile 400, na hamgawani sawa. Aliyewasha pasi na jiko anapata kidogo, taa zake zinafifia, analalamika umeme mdogo. Aliyewasha tivii na chaja ya simu tu ndo anabebeshwa karibu zote. Na sakiti breka wala haishtuki, maana yenyewe inapima umeme mwingi kiasi gani unapita, volti haziihusu.

Asubuhi grupu linawaka moto, "wametuletea umeme mkubwa, friji limeungua, tivii imeungua, tunataka fidia". Tawi mtu kashalivuta pembeni kalifanya kuni. Kwangu ilishatokea, friji na dikoda kwa usiku mmoja, na nilitukana kweli kweli mpaka fundi aliyekuja kuunga akanionyesha kwa kidole tu, bila kusema neno, mjohoro wangu mwenyewe niliopanda kwa mkono wangu. Tangu siku hiyo nikiona picha ya mti uliokatwa naanza kutafuta nyutro iko wapi.

Na tunavyopanda ndo vichekesho. Nguzo nyingi za mtaani ni za mita 9 na karibu moja na nusu inazikwa chini, ondoa na waya unavyolegea katikati. Mwembe ukiachwa unafika mita 20 bila shida. Halafu ashoki, tunaipenda kwa sababu imenyooka, haili nafasi, basi tunaipanga mstari kwenye fensi ya mbele, na nyaya zinafuata barabara, kwahiyo ile fensi ya mbele ndo kabisaa chini ya nyaya. Mwingine kaona ile stei waya iliyoshikilia nguzo inapendeza kaipandishia mpasheni, watoto wanachuma matunda kwenye chuma ambacho siku hitilafu ikitokea kinaweza kuwa na umeme. Mkomamanga, mlimao, hata bogonvilia iliyopunguzwa vizuri, vyote hivyo vingekaa pale chini wala usingemuona mtu na panga. Ardhini napo ni hivyo hivyo, mtu anachimba shimo la ua anakutana na waya wa erthi wa nyumba yake, ule wa kupeleka umeme wa hitilafu ardhini, anaukata kwa jembe akidhani ni takataka za ujenzi.

Sasa upande wa pili, maana sio wote wanaolalamika ni wajinga. Kuna miti imekuwepo kabla ya nguzo haijaletwa, na jua la Dar mnalijua, kivuli kile ni sebule ya familia nzima. Taarifa haitolewi, mtu anarudi kazini anakuta jua limeingia mpaka jikoni. Matawi yanaachwa hapo hapo. Na ukataji wenyewe, hapa nawaunga mkono kabisa, ukikatiza tawi katikati tu kwa msumeno, mti unatoa machipukizi mengi yanayokimbilia juu wima, yameshika kidogo tu kwenye gome, yani dhaifu kuliko tawi la kwanza, na misimu michache ya mvua yako pale pale kwenye waya. Ungekatia pale tawi linapoungana na lenzake usingerudi haraka hivyo. Kwahiyo kazi mbaya inajitengenezea kazi nyingine. Mwenye lalamiko la hivi alipeleke kwa maandishi kwenye ofisi yao, wakimzungusha EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, ipo. Komenti za hasira hazifiki huko.

Kuna wanaosema wafunge zile nyaya zilizosokotwa pamoja zenye gamba, na sehemu zingine zimeshafungwa. Sawa, zinasaidia sana kwenye kuguswa, lakini tawi zito la mfenesi likianguka litavuta na hizo, gamba halizuii uzito.

Unaonishinda kabisa ni mnazi. Mwembe unapunguzwa unaendelea kuzaa, mjohoro ndo kwanza unachangamka, ila mnazi unakulia kileleni tu, ukikata kichwa hujapunguza, umeua. Na huwezi kuupinda. Wa nyuma ya kwangu uko hatua kama tatu kutoka kwenye waya, makuti yakikauka yanaangukia pale pale, na mzee mwenyewe anasema aliukuta ulishaanza kuzaa alipohamia, nguzo ikaja miaka baadaye. Huo mi simwambii aukate. Huo kama waya hauwezi kusogezwa basi waje wakae na mzee waongee bei.