Herufi Hewa

Jana usiku kazi ya nyumbani ya darasa la tatu imenishinda. Darasa la tatu, jamani, na mimi kidato cha nne nimemaliza, cheti kipo kabatini.

Binti yangu anasoma shule ya Kiingereza. Ada yake sitaitaja, mama yangu akiisikia huko kijijini presha itampanda. Kaja na daftari lenye maneno manane, yote yamebeba ough. "Baba, nisomee." Nikavaa miwani, nikajikohoza kama hakimu. La kwanza tough, maana yake gumu. Nikasoma "tafu". Safi! Moyoni nikasema kanuni nimeshaipata. La pili though, yaani ingawa, nikaachia "dhafu" kwa kujiamini kabisa. Mtoto akanitazama kama mteja aliyekuta suruali yake nimeikata fupi.

"Ni dho, baba."

Through, kupitia, ikawa thruu. Cough, kikohozi, ikawa kofu. Thought, wazo, ni thoti. Bough, tawi la mti, ni bau. Thorough, kwa kina, nililitamka mara mbili na mara zote mbili lilitoka tofauti. La mwisho dough, unga uliokwisha kukandwa, ni do. Mama watoto, ambaye muda huohuo alikuwa anakanda wa chapati, akasema wake unaitwa unga tu na haujawahi kumlalamikia.

Wazee wetu walikuwa na akili, nawaambia. Rough walipoichukua wakaandika rafu, na hadi leo beki akimchota mwenzake miguu tunasema kacheza rafu. Plough wakaandika plau, na ng'ombe wa Usukumani wanalikokota bila h hata moja. Mkia wa maneno yale ni uleule kwa Mwingereza, sisi tukategesha masikio, tukaandika tulichosikia. Hata gh yetu ipo kazini: ghali, ghafla, ghala. (Wanaosema "gali" na "gorofa" nawajua, tutaongea siku nyingine.)

Nikaona nimfuate jirani, mwalimu mstaafu. Hapo ndipo nilipoharibu usiku wangu. Anasema zamani Waingereza waliitamka hiyo gh, tena kooni, kama kh ya Khamis. Night ilikuwa na mkwaruzo wake katikati. Baadaye sauti ikafa, kwingine ikageuka f, lakini wachapaji walishazoea kuiandika, ikabaki. Bwana mmoja, William Caxton, alifungua mtambo wa kwanza wa uchapaji Uingereza mwaka 1476, pale Westminster. Alikuwa ameishi miaka mingi kwa Waflemi, watu wa Ubelgiji ya leo, basi ghost, yaani mzuka, ikapachikwa h kwa mtindo wa huko. Kabla ya hapo watu waliandika gost, na waliogopa vilevile.

Lililoniuma zaidi ni delight, furaha kubwa. Neno hilo lilitoka Ufaransa likiwa delit, halina gh wala babu yake hakuwa nayo. Wakaiongeza kwa sababu tu linafanana na light! Hiyo ni ajira ya kujuana, mchana kweupe.

Mwaka 2016 serikali yetu iliwasaka wafanyakazi hewa, wale wanaolipwa mshahara na kazini hawaonekani. Wenzetu wana herufi hewa zenye zaidi ya miaka mia tano kwenye orodha ya mishahara, na hakuna anayezihakiki. Tena mfanyakazi hewa kwa Kiingereza ni ghost worker, na humo humo imo h ya Caxton, imekaa, haifanyi kitu. Mshahara wake ndio ile ada yangu.

Nikarudi nyumbani na hasira, nikabugia chapati mbili bila chai. Kwikwi hiyo! Binti akacheka hadi akaangusha penseli.

"Baba, hata kwikwi ina ough. Hiccough."

Nikajikaza, nikahesabu yote niliyojifunza usiku ule. "Hikafu?"

"Hapana."

"Hiko? Hikau? Hikuu?"

"Hikapu, baba."

"P imetoka wapi?"

"Sijui. Mwalimu kasema ndivyo ilivyo."

Nikaenda kunywa maji.