Kwa Mkono Upi?

Tuko mchezoni, na mwizi wetu ameanguka. Pointi za uhai sifuri, jitu la mapangoni limemkanyaga, na mimi padri wa kundi niko hatua moja tu kutoka alipolala. Mnajua Nairobi mwizi akianguka hakuna anayekimbia kumtibu. Mimi nilikimbia. Nikasema kwa sauti, "Namwekea mkono, namponya."

Hakimu akaweka chapo chini. "Kwa mkono upi?"

Huyu tunamwita Hakimu kwa sababu ndiye msimamizi wa mchezo, na pia kwa sababu mchana anachapa hati za wakili fulani huko mjini, hakuna koma inayompita. Jumamosi tunajazana kwake Umoja, watu watano na sufuria moja ya kurushia dadu zisipotelee chini ya kochi, tunacheza Dungeons & Dragons. Mchezo wenyewe, ambapo kila mtu anaigiza mhusika wake na dadu zinaamua, ulitoka Marekani mwaka 1974, na nadhani tangu siku hiyo watu wanagombania uchawi wake. Kuna uchawi unaitwa Chill Touch, yaani mguso wa baridi. Kwenye kitabu chetu cha kanuni cha 2014 haugusi mtu, unarushwa hadi futi 120. Baridi nayo hauna. Nikauliza, basi jina ni la nini? Nikaambiwa nisome maelezo.

Turudi kwa mkono.

"Kulia una rungu, kushoto ngao," Hakimu akasema. "Cure Wounds, huo uchawi wako wa kuponya, ina V na S. V ni maneno, sawa, mdomo unao. S ni ishara za mkono. Mkono huna."

"Na Bless, ule wa kubariki, je? Si juzi niliirusha nikiwa na rungu hili hili?"

"Bless ina M, vifaa. Inataka maji ya baraka. Nembo ya mungu wako imechorwa kwenye ngao, nembo inasimama badala ya maji, na mkono ulioshika nembo unaruhusiwa kufanya ishara."

Yaani uchawi unaodai vitu vitatu unapita, unaodai viwili unakwama. Ni kama soja wa geti ampitishe mwenye friji mgongoni, kisha amzuie mwenye kitunguu.

Na haya ananiambia mimi, mtu wa kupanda matatu kila asubuhi! Makanga namwona kwa macho yangu: mkono mmoja umeshika mlango, gari linakimbia, noti zimekunjwa katikati ya vidole, mkono wa pili unarudisha chenji, unagonga bati, unaita abiria wa stage ijayo, na simu imebanwa begani anagombana na mtu. Huyo angemponya mwizi na bado abaki na kidole cha kunionyesha kiti.

"Liangushe rungu," Hakimu akasema, karibu kwa huruma. "Kuangusha ni bure. Tibu, halafu okota. Kuokota kitu kimoja pia ni bure."

Raundi nzima, zamu za wote, ni kama sekunde sita. Kwa hiyo kanuni inataka padri mzima, mwenye joho, aangushe rungu, pu, aponye, ainame, aokote, na jitu linamtazama tu. Kila zamu! Rungu la mzee linaangushwa hivyo wapi?

Mchawi wetu naye akadakia. Yeye uchawi wake wa Fireball umeandikiwa kinyesi cha popo na salfa, lakini siku hiyo alikuwa na ushauri. "Si ungebeba Healing Word? Hiyo ni V peke yake. Hata ukifungwa kamba mikono yote unaponya mtu aliye futi 60."

Najua. Niliiacha kwa sababu inatibu kwa dadu ya pande nne, na Cure Wounds ni ya pande nane. Tamaa yangu hiyo, sibishi.

Nikaangusha rungu. Nikarusha dadu ya pande nane kwenye sufuria. Ikatoka moja. Nikaongeza tatu za hekima yangu (hekima, jamani) ikawa nne. Mwizi akafumbua macho.

"Sasa naokota rungu langu," nikasema.

"Ulishasema umemaliza," Hakimu akajibu, na kweli nilikuwa nimesema, nikinyosha mkono kuchukua chapo. "Zamu ya mwizi."

Mwizi akaangalia jitu. Akaangalia mlango. Halafu akaangalia sakafuni.

Sasa nina mkono mmoja mtupu kabisa.