Nibali alishinda, au wenzake walianguka?

Likitajwa jina la Vincenzo Nibali mbele ya wapenzi wa mbio za baiskeli, hakosekani mtu wa kusema kwamba Mwitaliano huyo aliokota vikombe. Tour de France ya 2014 aliiokota kwa sababu Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alianguka siku ya tano akarudi nyumbani, na Alberto Contador akavunjika mfupa wa mguu siku ya kumi. Giro d'Italia ya 2016 aliiokota kwa sababu Steven Kruijswijk, aliyekuwa akiongoza, alivaa ukuta wa theluji kwenye mteremko wa Colle dell'Agnello zikiwa zimebaki siku mbili. Hata Vuelta a España ya 2010, ile iliyomtambulisha, kinara wake Igor Antón alianguka akaaga mashindano. Mataji hayo matatu ni ya mbio kubwa za wiki tatu, na kila moja lina mtu aliyekula lami. Hoja hiyo haijatungwa na wenye wivu, ipo kwenye kumbukumbu.

Ila nikiirudia Tour ya 2014 siku kwa siku, naona hoja inalegea pale pale inapodhaniwa kuwa na nguvu. Siku ya tano mbio zilitoka Ypres, Ubelgiji, kuingia Ufaransa hadi Arenberg, mvua inanyesha, kwenye njia za mawe ambazo wapanda milima huziogopa kuliko kitu chochote. Froome alianguka kabla hata ya kuyafikia hayo mawe. Nibali, mwembamba wa Messina aliyezoea milima, alimaliza wa tatu, akiwaacha nyuma Peter Sagan na Fabian Cancellara, ambao mawe ndiyo ugali wao. Contador siku hiyo alikuwa bado mbioni, na alipoteza zaidi ya dakika mbili na nusu kwa Nibali. Kwa hiyo alipoanguka siku tano baadaye, tayari alikuwa na deni zito. Nibali alishinda siku nne, akafika Paris dakika 7 na sekunde 37 mbele ya Jean-Christophe Péraud.

Hapo wapinzani wake wana jibu, na si jibu baya. Péraud alikuwa na umri wa miaka 37. Nairo Quintana, aliyekuwa ametwaa Giro mwaka huohuo, hakuja. Pengo la dakika saba linaweza kueleza udhaifu wa waliobaki kuliko ubora wa aliyeongoza. Nakubali nusu yake.

Ya Kruijswijk siikubali kabisa. Hakusukumwa na mtu. Alikuwa anajaribu kubaki na Nibali na Esteban Chaves kwenye mteremko, kona ikamshinda. Kushuka mlima ni sehemu ya mbio kama kupanda, na hapo Nibali alikuwa fundi kuliko karibu wote wa kizazi chake. Tena Chaves hakuanguka. Asubuhi ya siku iliyofuata Mkolombia huyo alikuwa mbele kwa sekunde 44, na Nibali alizifuta palepale mlimani, akachukua Giro kwa tofauti ya sekunde 52.

Wanaomtetea huongeza kwamba bahati ilimgeuka pia. Olimpiki ya Rio, 2016, alikuwa kwenye kundi dogo la mbele akifukuzia dhahabu, akaanguka akavunjika mtulinga. Kwenye mlima wa Alpe d'Huez, Tour ya 2018, alinaswa na mkanda wa mtazamaji pembeni mwa barabara, akavunjika pingili ya uti wa mgongo. Huo wa pili ni mkosi mtupu. Wa kwanza, hapana. Rio alianguka akiteremka, akibahatisha, na sisi tunaosema mteremko ni kipaji hatuwezi kumpa sifa za Agnello halafu Rio tukasingizia nyota mbaya.

Lawama yenye uzito zaidi ni nyingine, na inashangaza kwamba haisemwi sana. Kwenye mbio za wiki tatu, Nibali hakuwahi kumshinda Froome aliyekuwa mzima na akitafuta ushindi. Tour ya 2012 Froome alikuwa wa pili, Nibali wa tatu. Tour ya 2015, Froome bingwa, Nibali wa nne, na siku aliyoshinda mlimani La Toussuire alishambulia wakati Froome ana tatizo la baiskeli, jambo ambalo Froome alililalamikia hadharani. Vuelta ya 2017, Froome wa kwanza, Nibali wa pili. Mbio za wiki moja zilikuwa hadithi tofauti. Tirreno-Adriatico ya 2013 aliichukua akiwa na Froome wa pili na Contador wa tatu, kwa kuwavuruga kwenye mvua na vilima vifupi vikali. Palipokuwa na vurugu alikuwa mfalme. Palipohitajika kasi ileile mlima mzima, Sky, timu ya Froome, ikivuta mbele, hakuwa na dawa.

Kuna pia madoa. Vuelta ya 2015 alifukuzwa siku ya pili baada ya kamera kumnasa akishikilia gari la timu yake likimvuta, na mwenyewe alikiri kosa. Timu hiyo, Astana, ilikumbwa na kashfa ya EPO, dawa haramu ya kuongeza chembe nyekundu za damu, ndani ya mwaka uleule wa ushindi wa Tour. Mmoja wa walionaswa, Maxim Iglinskiy, alikuwa msaidizi wake kwenye Tour hiyo. Nibali mwenyewe hakuwahi kukutwa na dawa, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tena ndiye Iglinskiy huyohuyo aliyemkamata karibu na mwisho wa mbio za siku moja za Ubelgiji, Liège–Bastogne–Liège ya 2012, na kumnyang'anya ushindi.

Waitaliano hupenda kusema kwamba tangu Giro yake ya 2016 hakuna mwenzao aliyeitwaa tena. Hiyo inasema mengi kuhusu Italia, machache kuhusu Nibali.

Kinachoniaminisha mimi ni Milano-Sanremo ya Machi 2018. Karibu kilomita 300, mbio ambazo kwa kawaida huamuliwa na wenye kasi ya mwisho. Alichomoka kwenye kilima cha Poggio, akashuka peke yake, kundi zima likimfukuza hadi mtaani Sanremo. Caleb Ewan alikuja wa pili, mita chache nyuma. Hakushinda kwa sababu jina kubwa lilianguka na kumwachia njia. Ukijumlisha mbio za Lombardia, alizoshinda mara mbili, 2015 na 2017, ana ushindi mara tatu kwenye zile mbio kongwe tano za siku moja. Froome, pamoja na mataji yake saba ya wiki tatu, hana hata mmoja.