Bosi Asiyeletewa Habari Mbaya

Mwaka wangu wa kwanza wa kuwa mkuu wa kitengo, katika ofisi ya mradi wa maji ambayo sitaitaja, tulipeleka kijijini shehena nzima ya mabomba ya inchi moja na nusu ilhali viungio vilivyotangulia vilikuwa vya inchi mbili. Lori lilikwenda siku nzima, likalala huko, na kesho yake likarudi na mzigo uleule. Nilipofuatilia kosa lilianzia wapi, nilikuta kwamba mtunza stoo alikuwa ameliona kabla bomba la kwanza halijapakiwa. Nilimwita nikamuuliza kwa nini hakusema, naye, mzee wa makamo ya baba yangu mdogo, akanijibu kwa upole ulionichoma kuliko matusi: "Bosi, wewe uliuliza kama tumeelewana. Hukuuliza kama kuna tatizo."

Alikuwa na haki. "Tumeelewana?" ya bosi mwishoni mwa kikao si swali, ni kama "amina" ya kufungia sala, na anayesubiriwa kusema "hapana" ni yule tu aliye tayari kuonekana mzito wa kuelewa, au mkaidi, mbele ya wenzake. Isitoshe, nilikumbuka baadaye kwamba wiki mbili kabla ya safari ile karani mmoja alisema kikaoni kwamba tarehe za posho hazilingani na tarehe za safari, nami nikamjibu kwa kejeli hadi watu wakacheka. Mimi niliisahau kejeli ile kabla ya chakula cha mchana. Mtunza stoo, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni karibu na mlango, hakuisahau.

Tangu hapo nimekuwa na mashaka na semina nyingi za uongozi ninazoalikwa, kwa sababu karibu zote hutufundisha kusema: namna ya kusimama, namna ya kuitazama hadhira, namna ya kuandaa maelezo ya kuonyesha ukutani, namna ya kutoa maagizo yasiyo na utata. Hayo yana faida yake na siyabezi. Hata hivyo, viongozi wasiojua kuzungumza hatuna wengi. Taifa letu limebarikiwa wazungumzaji. Kinachokosekana ni ujuzi wa kumpunguzia mtu wa chini gharama ya kusema jambo ambalo bosi hatapenda kulisikia. Habari njema hazihitaji ujuzi wa mtu yeyote, maana hupanda ngazi zenyewe na kila zinapopita huongezwa sukari kidogo. Ni habari mbaya zinazokwama, na utendaji wa ofisi huharibika pale zinapokwama.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka chumba cha upasuaji, na sehemu yake unatoka hapa kwetu. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi ya usalama wa upasuaji katika hospitali nane za miji minane duniani, na kando ya London, Toronto, Seattle na New Delhi ulikuwapo mji wa Ifakara, mkoani Morogoro. Orodha yenyewe ilikuwa na vipengele 19, ya ukurasa mmoja, isiyohitaji mashine wala dawa mpya. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba, kwa hospitali zote nane zikijumlishwa, vifo vya wagonjwa baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na matatizo makubwa yakashuka kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7.

Vipengele vingi vya orodha ile ni vya kitabibu: kuthibitisha jina la mgonjwa na sehemu itakayopasuliwa, kutoa dawa ya kuzuia maambukizi kwa wakati wake, kuhesabu sindano na pamba kabla ya kutoka chumbani. Kimoja lakini si cha tiba hata kidogo. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani hujitambulisha kwa jina na kwa kazi yake. Mtu anaweza kukiona kuwa ni adabu tu, na pengine upotezaji wa muda, hasa pale ambapo watu wanafahamiana. Mimi nakiona ndicho chenye akili kuliko vyote. Muuguzi ambaye sauti yake imekwisha kusikika chumbani, kwa ruhusa, kabla kazi haijaanza, hupata wepesi wa kuitumia tena dakika ishirini baadaye atakapohesabu pamba na kukuta pungufu ya moja. Ukimya ni mzito kuvunjwa mara ya kwanza. Mara ya pili unavunjika kirahisi zaidi.

Sasa nije kwenye upande usiosimuliwa sana. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti mwingine kutoka jimbo la Ontario, Kanada, ambako hospitali 101 ziliulizwa juu ya matumizi ya orodha hiyohiyo baada ya kuhimizwa kuitumia na kutoa taarifa zake hadharani. Vifo havikupungua kwa kiwango cha kutajika. Wataalamu wamebishana juu ya sababu, na mimi si tabibu, lakini maelezo yanayorudiwa na wengi ni yale ambayo mtumishi yeyote wa ofisi zetu angeyakisia bila kusoma ukurasa mmoja: kujaza fomu ni jambo moja, na kufanya mazungumzo ambayo fomu iliwekwa yafanyike ni jambo jingine kabisa.

Nasema angeyakisia kwa sababu tumeishi na OPRAS. Mfumo huo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi uliingizwa katika utumishi wa umma Tanzania mwaka 2004, kuchukua nafasi ya taarifa za siri ambazo msimamizi aliandika juu ya mtumishi bila mtumishi kuziona. Wazo lilikuwa zuri sana: mtumishi na msimamizi wake wakae mwanzoni mwa mwaka wa fedha wakubaliane malengo, wakae tena katikati ya mwaka waone yaliyokwama, na wakae mara ya tatu mwishoni wapime. Mara tatu kwa mwaka, watu wawili, meza moja. Niliyoyaona kwa macho yangu katika zaidi ya ofisi moja ni kwamba fomu zote zilijazwa wiki ya mwisho ya Juni, malengo yakiandikwa baada ya kazi kwisha ili yalingane nayo, kisha zikapelekwa kwa katibu muhtasi zikiwa rundo, na bosi akatia saini huku akizungumza na simu. Siku hizi tumehamia kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki, ambao una faida ya kudai taarifa mapema na mara kwa mara. Natumaini utafanikiwa. Hata hivyo kompyuta inaweza kumlazimisha msimamizi kubonyeza, haiwezi kumlazimisha kuuliza.

Wapo wanaosema kwamba tatizo hili ni la utamaduni wetu; kwamba Mwafrika amelelewa kumheshimu mkubwa na hivyo hawezi kumwambia bosi kuwa amekosea. Hoja hii siikubali, na historia yetu wenyewe inaipinga. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971, katika kifungu chake cha 15, uliwakataza viongozi kuwa na majivuno na dharau kwa wanaowaongoza. Wafanyakazi wa viwandani walikichukua kifungu hicho kama kilivyo, na kuanzia mwaka huo hadi 1973 ikafuata migomo mingi ambayo mara kadhaa chanzo chake hakikuwa mshahara peke yake, bali lugha na vitendo vya mameneja. Kwingine mameneja walifungiwa nje ya lango, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikichukua kiwanda chenyewe. Mwaka mmoja kabla ya Mwongozo, Agizo la Rais Namba 1 la 1970 lilikuwa limekwisha kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, nayo mabaraza yapo hadi leo katika utumishi wa umma. Watu waliolelewa na shikamoo ndio hao walioyafanya hayo yote. Walikuwa na mengi ya kusema, ila walipokosa njia ya kuyasema mapema kwa sauti ndogo, waliyasema baadaye kwa kufunga lango.

Tena wanaoilaumu heshima hawajaketi vizuri kwenye kikao cha ukoo. Mkubwa wa kikao hazungumzi kwanza. Hufungua kwa salamu na kulitaja lililowakutanisha, kisha hunyamaza, na wadogo hupewa nafasi wakaongea hadi wakamaliza, pamoja na yule mlevi ambaye kila mtu anatamani akae chini. Mkubwa husema mwisho, akiwa ameshajua nyumba ina nini. Linganisha na kikao cha idara, ambamo mkuu huanza kwa kusema nusu saa anachotaka kiwe, kisha huuliza kama kuna mwenye maoni. Hapo anayetaka kutoa maoni hatoi maoni tena, anampinga bosi. Ni mpangilio wa kikao unaomfanya mwoga, wala si mama yake aliyemfundisha kuamkia.

Kuhusu sanduku la maoni sitasema mengi. Karibu kila ofisi inalo, limetundikwa ukutani karibu na mapokezi, kufuli lina kutu na ufunguo haujulikani uko kwa nani. Nafasi yake imechukuliwa na kundi la WhatsApp la ofisi, ambako tangazo la mkuu hufuatwa na "Imepokelewa, mkuu" thelathini na mbili, wakati mjadala wa kweli unaendelea kwenye kundi jingine ambalo mkuu hayumo. Wengi wa viongozi wenzangu huziita habari za kundi hilo la pili redio mbao na huzikasirikia. Ningewashauri waulize kwanza kwa nini redio mbao ina habari sahihi kuliko taarifa ya robo mwaka. Na pale barua ya kujieleza inapokuwa ndiyo njia ya kwanza ya bosi kuzungumza na mtumishi aliyekosea, tusishangae makosa yakifichwa mpaka yakue yasiweze kufichika.

Nilichobadilisha katika kitengo changu baada ya yale mabomba ni kidogo. Niliacha "tumeelewana?" nikawa namwomba mmoja wetu, kwa zamu, arudie alivyoelewa agizo, na mara ya kwanza tulipofanya hivyo niligundua kwamba agizo langu lilikuwa na maana tatu. Nilianza kuuliza swali alilonifundisha mzee wa stoo: kuna tatizo gani ambalo sijaliona? Majuma ya mwanzo hakuna aliyejibu. Nilivumilia ule ukimya, ambao kwa mtu aliyezoea kusema si mwepesi, nikahesabu kimoyomoyo hadi ishirini. Juma la nne dereva akasema kwamba tairi za gari moja zimekwisha na kwamba alishaandika dokezo mara mbili. Nilimshukuru mbele ya wote na tairi zikanunuliwa wiki ileile, na nadhani tairi zilifanya kazi kubwa kuliko shukrani.

Habari mbaya iliyonihusu mimi mwenyewe ilichukua karibu mwaka mzima kufika. Ililetwa na mtunza stoo yuleyule, faragha, mlangoni kwake, baada ya kuniambia niketi. "Bosi, ukianza kukasirika unagonga kalamu mezani," alisema. "Watu wakiisikia hiyo kalamu wanakunja daftari zao." Sikuwa najua. Siku hizi kalamu naiacha ofisini kwangu na katibu ndiye anayeandika kumbukumbu za kikao, ingawa ameshaniambia kwamba sasa nimehamia kwenye vidole.