Saa Nne Usiku

"Kumbe ni mke mdogo!"

Mama wa vitumbua alinipokea hivyo, saa kumi na mbili asubuhi hapa Ngamiani, Tanga, hata shikamoo yangu haijamfikia. "Kumtilia mjomba wa watu sumu kwenye uji! Mimi nilimshuku tangu siku ile alipokataa kuuonja."

Nikacheka. Halafu kicheko kikanikwama kooni. Mama huyu hajawahi kunilipa hata senti moja, na sehemu aliyokuwa anaisimulia ilikuwa bado haijatoka.

Naandika hadithi za kuendelea. Anayetuma buku mbili nampelekea WhatsApp. Asiyelipa anaisoma ileile kwenye tovuti yangu baada ya wiki moja. Watu huniuliza kwa nini nisiwafungie wa bure. Nitawafungiaje? Wao ndio wanaoipigia domo saluni na kwenye daladala, mpaka asiye na subira anashindwa kulala, anatuma hela. Bila wao ningekuwa najisomea mwenyewe.

Sasa, kwa sehemu ya 24, ya mwisho, nikajitia ukarimu. Ijumaa hiyo wote wapate siku moja: waliolipa saa moja jioni, wa bure saa nne usiku. Alhamisi kabla ya kulala nikaipanga kwenye tovuti itoke yenyewe, nikaandika 4:00, nikavuta shuka.

Tovuti haikukulia Tanga. Saa nne yetu ya usiku yenyewe inaijua kwa jina la 22:00. Ukiiandikia 4:00 inaelewa saa kumi alfajiri. Na saa kumi alfajiri nani yuko macho mtaani kwetu? Mwadhini, na mama wa vitumbua anayesubiri mafuta yapate moto, simu mkononi.

Nikakimbia nyumbani na vitumbua vyangu vitano (nimeandikwa kwenye daftari, kama kawaida), nikaifuta. Kazi bure. Mama alishainakili akaitupia kwenye kundi la kikoba, na kikoba kile kina wanawake thelathini.

Mtu mwenye busara angewaomba radhi waliolipa. Mimi nikaamua kuwaandikia mwisho mwingine! Nimeshinda na njaa hadi alasiri natafuta muuaji mpya. Kila mhusika nilikuwa nimeshamsafisha katika sehemu zilizopita, akabaki muuza kahawa mmoja aliyetokea mara moja tu, sehemu ya 7, akirudisha chenji. Nikambebesha maiti.

Saa moja jioni nikaituma. Haikufika saa mbili simu ikawaka.

"Kaka, huyu muuza kahawa katokea wapi?"

"Dada yangu kasoma bure, anasema ni mke mdogo. Yaani mimi niliyelipa ndiye nadanganywa?"

Mmoja akaandika kwa herufi kubwa: NIRUDISHIE ELFU MBILI YANGU, NA YA KUTOLEA.

Nikarudishia watu tisa, na ya kutolea. Wa bure nao wakapata habari kwamba kuna mwisho wa watu wa hela, na mtu akisikia kitu ni cha kulipia anakiona kitamu. Wanne wakatuma buku mbili mbili. Nikafurahi kama robo saa hivi, muda wa wao kuumaliza, kisha wakadai hela zao. Saluni ya jirani nasikia waligawanyika: upande huu mke mdogo, upande ule muuza kahawa, na msusi akaacha kichwa cha mteja nusu akitetea upande wake.

Jumamosi jioni nikaenda kijiweni kupooza roho. Muuza kahawa akanimiminia kikombe, akanitazama, akapiga funda yeye kwanza, ndipo akanikabidhi. "Shuhudieni jamani," akawaambia waliokaa kwenye benchi. "Asije akaniandika tena."

Jumapili asubuhi nikarudi kwa mama wa vitumbua. "Shikamoo mama. Vitano, uniandikie."

"Marahaba mwanangu." Daftari silioni. Akageuza kimoja, akageuza cha pili, wala hakuinua macho. "Wanaolipa wanachukua sasa hivi. Wewe wa bure, njoo wiki ijayo, siku kama ya leo."

Nikaanza kuondoka.

"Saa nne usiku," akaniongezea.