Mume wa Bangoni

Kwa kuwa mpiga video mwenzangu ameshasambaza sauti yake kwenye makundi yote, kuanzia Igoma hadi Igombe hapa Mwanza, akidai kwamba nilichapisha bango la jubilei ya ndoa kwa picha ya mteja mwingine, naona ni haki yangu kulieleza jambo lenyewe kama lilivyokuwa. Hakukuwa na mteja mwingine. Mwanamume aliyeonekana kwenye bango lile hajawahi kuzaliwa.

Baba mkubwa na mama mkubwa walifunga ndoa mwaka 1975, na ukoo uliamua kwamba miaka 50 isipite kimyakimya. Mimi, kama mpiga picha pekee katika ukoo, nilikabidhiwa bango la jukwaani lenye upana wa mita 3. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa sababu picha ilikuwepo. Mapema mwaka huo wa jubilei nilikuwa nimewapeleka Capri Point jua likielekea kuzama, nikawasimamisha mbele ya ziwa huku Jiwe la Bismarck likionekana nyuma yao, na kwa bahati ambayo haijirudii, baba mkubwa akacheka. Ni fundi mitumbwi, mzee mwenye upara, kovu juu ya nyusi ya kushoto aliloachiwa na ubao, na pengo moja la mbele ambalo kwa kawaida hulificha kila anapoona kamera. Siku ile alilisahau. Picha ilikuwa ya megapikseli 24, yaani pikseli, vile vitone vinavyounda picha, 6000 kwa 4000, na ukiikuza kwenye kompyuta ungeweza kuhesabu nyuzi za kola yake.

Ilivyotoweka picha hiyo ndiyo sehemu ambayo mwenzangu ameiruka, labda kwa sababu haichekeshi vya kutosha. Ndugu zetu wa Ukerewe walikuwa wakilalamika kwamba picha zangu zinamaliza bando. Nikaingiza folda nzima kwenye programu ya kupunguza picha, nikachagua upana wa pikseli 640 na ubora wa asilimia 40, na programu ilipouliza kama iandike juu ya faili zilizopo, nilikubali kwa moyo mkunjufu, nikidhani inazungumzia nakala. Haikuwa ikizungumzia nakala. Picha ya megabaiti kumi na ushee ikawa ya kilobaiti zisizofika mia.

Najua mnachotaka kuniuliza, ninyi mnaonifuata kwa ajili ya ushauri wa kamera: nakala za akiba zilikuwa wapi? Zilikuwepo. Folda ile ilikuwa inajilandanisha na hifadhi ya mtandaoni pamoja na kompyuta ya studio, na kazi ya ulandanishi ni kuhakikisha kwamba lililotokea mahali pamoja linatokea kila mahali. Ulifanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa. Kabla sijafunga kompyuta, nilikuwa namiliki kijipicha kilekile katika sehemu tatu. Huduma ninayotumia hutunza matoleo ya zamani ya faili kwa siku 30, na mimi niligundua msiba huu siku hizo zikiwa zimeshapita na ukumbi umeshalipiwa.

Ilibaki kadi ya kamera. Kadi inapofomatiwa, kinachofutwa kwanza ni orodha ya mafaili. Picha zenyewe hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Mimi nilikuwa nimeandika juu yake mahafali mazima ya chekechea, kwa video. Programu ya kurejesha mafaili ilihangaika usiku kucha, ikaniletea picha ya Capri Point iliyokuwa nzima kuanzia mawinguni hadi kwenye upara wa baba mkubwa, kisha kijivu kitupu kuanzia usawa wa nyusi kwenda chini, kwa sababu faili la picha la aina ya JPEG huandikwa kutoka juu, na watoto wa chekechea walikuwa wameshakalia sehemu iliyobaki.

Nikarudi kwenye kijipicha changu. Nilipokikata ili wabaki wazee wawili tu, kikabaki na upana wa pikseli 200, maana yake kwenye bango la mita 3 kila pikseli ilitakiwa kujaza sentimita 1.5, sawa na kifungo cha koti. Uso wa baba mkubwa ulikuwa pikseli 30 kwa 40. Hapo ndipo nilipopakua programu ya akili mnemba ya kuongeza ubora wa picha. Programu za namna hii hazirudishi kilichopotea, kwa kuwa hakipo pa kurudishwa kutoka. Hubahatisha, kwa kutumia nyuso nyingi zilizowahi kuonyeshwa wakati wa kufundishwa, kwamba uso wenye kivuli hapa na mwanga pale huenda ulikuwa hivi. Nilitazama matokeo kwenye kioo cha simu, katika ukubwa wa kidole gumba, nikaona wazee wangu wanang'aa, nikatuma dukani faili lichapwe. Duka lilinirushia sampuli kwa WhatsApp, nayo ikabanwa tena njiani, ikaonekana safi. Jamani, kwa ukubwa ule hata mbuzi angeonekana safi.

Sasa twende ukumbini, Kirumba, saa mbili usiku.

Mshereheshaji aliniita mbele niseme neno kabla ya bango kufunguliwa, nami nilikuwa nimejiandaa. Niliwaeleza wageni kwamba mwaka uleule wa 1975, wakati wazee wetu wakifunga ndoa, huko Rochester nchini Marekani, mhandisi wa Kodak aitwaye Steven Sasson alitengeneza kamera ya kwanza ya kidijitali ya kubebeka, yenye uzito wa karibu kilo 4, iliyopiga picha ya pikseli 100 kwa 100 isiyo na rangi, na kuchukua sekunde 23 kuiandika kwenye kanda ya kaseti. Wakapiga makofi. Nikamalizia kwa sentensi ambayo mwenzangu ameirekodi, na ambayo ninyi mmeshaanza kunijibu nayo kila mahali: "Leo mtajionea wenyewe tulikofika."

Vijana wawili walishika kamba, bango lililokunjwa likaanza kukunjuka taratibu kutoka darini. Likatokea anga la rangi ya chungwa. Likatokea Jiwe la Bismarck, ambalo kwa sababu zisizojulikana lilikuwa limeota kitu kama madirisha. Kisha zikatokea nywele.

Nilizitazama zile nywele nikiwa bado na kipaza sauti mkononi. Zilikuwa nyeusi, nyingi, zimechanwa kwa nyuma. Baba mkubwa ana upara tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Nikajiambia ni kivuli. Kamba ya kushoto ikakwama, bango likasimama upande likiwa limefika kwenye macho, na kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ibada ya asubuhi, watu wapatao mia tatu walitazamana na macho ya mwanamume wasiyemjua, yenye kope ndefu, juu yake paji la uso laini lisilo na kovu wala kunyanzi. Mshereheshaji, ambaye hajui kunyamaza, akasema, "Mambo mazuri hayataki haraka!" Kamba ikaachia. Likateremka pua lisilo la kwetu, na chini yake tabasamu lenye meno yote, meupe pe, yamepangwa kama ya mtangazaji wa dawa ya mswaki.

Muziki uliokuwa umeandaliwa ulianza wenyewe, kisha ukazimwa katikati ya neno.

Mama mkubwa aliinuka kwenye kiti, akasogea hatua mbili, akamtazama yule bwana aliyemshika bega, kisha akageuka. "Mzee, huyu ni nani?"

Baba mkubwa alivaa miwani bila haraka, akaangalia bango kuanzia juu hadi chini kama anayekagua mtumbwi wa fundi mwingine. "Hata mimi ndiyo naonana naye leo," akasema. "Miaka hamsini mmenificha."

Kicheko kilichofuata sitakieleza. Niseme tu kwamba mchungaji alilazimika kutoka nje. Mama mkubwa naye alikuwa amepunguziwa si chini ya miaka thelathini, lakini kuhusu hilo hakutoa lalamiko lolote. Mimi nilibaki jukwaani nikipiga hesabu: pikseli 30 kwa 40 ni 1200, na lile sanduku la Sasson lilikuwa na 10,000.

Yaliyobaki ni mafupi. Keki ilikatwa, nikarudisha malipo ya bango bila kuombwa, na kesho yake nilinunua diski mbili za nje zisizolandanishwa na kitu chochote, moja ikikaa studio na nyingine kwa dada yangu Nyegezi. Wazee niliwarudisha Capri Point kwa picha nyingine, ila baba mkubwa sasa anafumba mdomo, akisema hataki kushindana na mtu mwenye meno. Bango lenyewe yuko nalo Igombe, linafunika mashine ya mtumbwi, na akiulizwa na wavuvi huyo ni nani hujibu kwamba ni mume mwenzake, amekuja kumsaidia kazi. Mama mkubwa ameniomba nakala ndogo ya picha ileile ya bangoni, ya kutia kwenye pochi. Nimempelekea, ila sijathubutu kumuuliza ni kwa ajili ya uso wake au wa yule bwana.