Shabiki wa Ugenini Siku Hizi Ni Karani

Jamani, mpira wa ugenini umepata adabu mpaka unachosha. Zamani mtu akiaga kwamba anaifuata timu ya taifa nchi ya watu, nyumbani wanamwombea arudi na meno yake yote. Siku hizi wanamwombea chaji.

Nawalaumu Waskoti kwanza. Juni 1977 waliwafunga England 2-1 pale Wembley, wakamwagika uwanjani, wakaning'inia kwenye goli mpaka mwamba ukavunjika, wakang'oa na nyasi wakaondoka nazo. Ovyo kabisa, lakini angalau ulijua umefungwa na nani. Waangalie sasa! Juni 2024, Munich, mechi ya ufunguzi wa Euro, yale mashindano ya mataifa ya Ulaya, Ujerumani inawachapa 5-1, na wao bado wanaimba. Umekula tano, mzee, unaimba nini? Mtu anayefungwa na kufurahi unamtania vipi?

Halafu mashabiki wa Ireland wakaja kuharibu soko. Euro 2016, Ufaransa: wamebonyeza paa la gari la mtu. Haya, hapo ukadhani mambo ya zamani yamerudi. Wapi! Wakalinyoosha, wakapenyeza ndani ya gari na noti za kulipia hasara. Bordeaux wakamwimbia mtoto mchanga ndani ya treni ili alale. Meya wa Paris akawatunuku nishani ya jiji, wao na wale wa Ireland Kaskazini. Sisi tuliokaa kwenye viti vyetu bila kubonyeza paa la mtu yeyote, hata asante hatukupata.

Na Wajapani ndio kabisa. Tangu Kombe la Dunia la 1998 wanafagia jukwaa. Mifuko ileile ya buluu wanayoipeperusha kushangilia, mechi ikiisha wanakusanyia taka. Mwaka 2018 wakatolewa na Ubelgiji 3-2, bao la dakika ya mwisho kabisa, bao la kumfanya mtu akae chini alie, na wao wakalia huku wanaokota vikombe. Qatar 2022 wakafagia mechi ya ufunguzi, Qatar na Ecuador. Mechi si yao! Wasenegali nao walisafisha upande wao 2018 baada ya kuifunga Poland. Sasa wewe uliyezoea kuacha maganda chini ya kiti unajiona umevuliwa nguo. Ukiamua kuiga, usingoje filimbi ya mwisho: gawa mifuko kila safu dakika ya 80 hivi, maana filimbi ikishalia kila mtu anakimbilia mlango na utabaki unaokota peke yako kama mwenye nyumba baada ya harusi.

Ila msidhani malaika wameshuka. Watu wamebanwa. Waingereza walipofanya fujo Ubelgiji kwenye Euro 2000, bunge lao likapitisha sheria mwaka uleule: mwenye amri ya kuzuiwa kwenda mpirani anasalimisha pasipoti polisi kabla ya mashindano ya nje. Kombe la Dunia la 2006 Ujerumani, pasipoti zaidi ya 3,000 zilikuwa zimelala kabatini huko kwao. Ndiyo maana wakali wengi huwaoni. Hawajaokoka, wako nyumbani wanatazama runinga. Na hata hivyo Marseille 2016 Waingereza na Warusi walitwangana hadharani. Kwa fujo za ndani ya uwanja Urusi ikapigwa faini ya euro 150,000 na kuonywa kwamba zikirudiwa timu inatolewa. Miaka miwili baadaye Urusi yenyewe ikawa mwenyeji, ikamtaka kila shabiki avae kitambulisho chenye picha yake shingoni, na tiketi peke yake haikutosha. Qatar nayo ikaja na kitambulisho chake cha shabiki, kadi ya Hayya. Kwa hiyo ule upole unaousifia una picha yako na namba ya pasipoti yako.

Na hapo ndipo ukarani unapoanza. Mechi za kufuzu za Ulaya, wageni wanatengewa walau asilimia 5 ya uwanja. Uwanja wa watu 60,000, hivyo ni viti 3,000 kwa taifa zima, na mara nyingi hugawiwa kwa pointi za mahudhurio. Yaani ili uione ile mechi kubwa, uwe umeshaenda kwenye zile za baridi, ugenini kwa vibonde, mvua inanyesha, sifuri kwa sifuri. Kombe la Dunia kila shirikisho linapewa asilimia 8 ya viti, na bado havitoshi.

Umepata tiketi? Pole, sasa viza. Ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, maombi hayapokelewi ikiwa imebaki zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, na usiyapeleke ikiwa zimebaki chini ya siku 15. Pasipoti iwe na miezi 3 ya uhai baada ya siku unayoondoka kule, na isiwe na umri wa zaidi ya miaka 10. Hapo wengi wanaanguka: wanatazama tarehe ya kuisha, hawatazami ya kutolewa. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Moyo ukivunjika dakika ya 93 haiulipii, nimeshaisoma yote.

Sasa njoo kwenye simu, maana ndiko kwenye maumivu. Tiketi ya karatasi imezikwa. Kwenye mashindano ya UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, tiketi inakaa ndani ya programu ya simu, na ule msimbo wa kuskani hautokei mpaka ufike karibu na uwanja na Bluetooth iwe imewashwa. Picha ya skrini haifui dafu. Basi unakuta jamaa mmoja ameshika tiketi za wanne kwenye simu yake, mmoja wao kapotea akitafuta choo, na hao watatu wamesimama langoni wimbo wa taifa unapigwa. Dawa yake ni kumhamishia kila mtu tiketi yake mapema, kwenye simu yake mwenyewe, mkiwa bado kwenye intaneti ya hoteli.

Na betri usiitumie kurekodi maandamano ya kwenda uwanjani. Najua Waholanzi wanapendeza, wanavyoruka kushoto, wanaruka kulia nyuma ya basi lao la rangi ya chungwa. Watazame kwa macho. Kuzunguka uwanja watu maelfu wanagombania mnara mmoja wa simu, na simu inayohangaika kutafuta mtandao nayo inakula chaji. Iweke kwenye hali ya ndege, kisha rudisha Bluetooth peke yake. Mwanga wa skrini ushushe njiani, ukifika kwenye mashine ya langoni upandishe wote, kwa sababu mashine haisomi skrini yenye giza na walio nyuma yako hawana subira.

Pawabenki nayo ina hesabu zake. Chukua mAh, ile namba ya ujazo iliyoandikwa juu yake, zidisha kwa 3.7, gawa kwa 1,000. Ya 20,000 inakupa saa-wati 74, unapita. Ya 30,000 inakupa 111, na kwenye ndege mpaka wa kawaida ni 100, kwa hiyo utahitaji ruhusa ya shirika. Tena iwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linaloshushwa chini. Sababu ni moto: betri ikianza kufuka mbele yenu inazimwa, ikifuka huko tumboni mwa ndege hakuna wa kuiona. Shabiki wa 1977 alibeba skafu tu, nawaambia.

Kwenye mashindano ya UEFA begi lako lisizidi ukubwa wa karatasi ya A4. Likizidi utarudishwa, na stoo ya mizigo haipo mlangoni, mara nyingi iko huko ulikotoka. Bendera yenye mti mgumu, hapana. Fashifashi usithubutu, faini inatumwa kwa shirikisho lenu, na mwakani mnaweza kujikuta mmekatazwa kusafiri nyote kwa ajili ya mjinga mmoja aliyetaka moshi mwekundu. Vuvuzela UEFA iliipiga marufuku Septemba 2010, na hapo sina ugomvi nao.

Haya, mechi imekwisha. Unadhani unatoka? Wageni wanafungiwa jukwaani mpaka wenyeji watawanyike, nusu saa, wakati mwingine saa nzima, na mabango hayasemi. Sababu ninaielewa: makundi mawili yasikutane kwenye njia moja. Lakini treni ya mwisho haijaelezwa sababu hiyo. Euro 2024 Wajerumani walikuwa wema, tiketi ya mechi ikakupa saa 36 za usafiri wa umma bure, na bado Gelsenkirchen watu walikwama kituoni usiku. Bure si kitu kama gari halipo. Kabla hujakata tiketi ya kurudi, ongeza saa mbili juu ya filimbi ya mwisho, na kama ni mechi ya mtoano ongeza saa nyingine kwa dakika za nyongeza na penalti. Likija basi la wageni, wahi kiti cha karibu na mlango. Nyuma wameshaanza kuimba, na wimbo wenyewe una ubeti mmoja.